Hoho za mbegu za zamani kwa bustani ya Malindi: za kununua na za kuacha

Pakiti ya mbegu za hoho huuzwa kwa picha ya tunda: kubwa, jekundu, la pembe nne, linang'aa. Kwa mpandaji wa Malindi, pwani ya Kenya, picha hiyo haimfai kitu. Linaloamua kama utachuma hoho au utamwagilia majani matupu ni ua, na ua la hoho haliwezi usiku wa joto. Usiku ukizidi nyuzijoto 24 hivi, au mchana ukipita 32, chavua hufifia, ua halishiki, kikonyo kinageuka manjano na kupukutika. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, hapa usiku hupita hapo mara nyingi, na mchana hukaribia. Ndiyo maana swali letu la kwanza kwa kila aina ni moja: inashika maua kwenye joto au haishiki? Nyama, utamu na rangi tumeviweka nyuma ya hilo.

Aina zote humu si chotara. Ukitoa mbegu kwenye tunda lako na kuipanda, utapata mmea kama mama yake, mradi haikuchanganyika na ya jirani. Hiyo ndiyo faida kubwa ya mbegu hizi za zamani, maana pakiti moja ikitunzwa inaweza kukutosha miaka.

Tuanze na ile iliyopo karibu kila agroveti, California Wonder. Ilitoka Marekani mwaka 1928 na mpaka leo ndiyo hoho ambayo watu wengi wanaiona wakisikia jina hoho. Ina nyama nene, vyumba vitatu au vinne, na inasimama wima kwenye sinia, kwa hiyo kwa hoho za kujaza kima au wali haina mpinzani. Mbegu yake hupatikana ikiwa imethibitishwa, bei yake ni nafuu kuliko zote, na ukiipanda wakati wake inazaa vizuri. Tatizo ni huo wakati. Tunda kubwa lenye nyama nene ndilo la kwanza kuangushwa na mmea uliochoshwa na joto, na ndilo la kwanza kuoza kitako maji yakikatika siku mbili. Tena haina kinga ya virusi vya batobato ya tumbaku, vinavyotia majani mabaka. Uamuzi wetu: inunue, lakini kwa msimu wa kusi pekee. Sia mwishoni mwa Machi au mwanzo wa Aprili chini ya kibanda cha kuzuia mvua, hamisha miche mvua kubwa ya Mei ikishapungua, na maua yatafunguka Julai na Agosti, miezi ambayo usiku wa Malindi unapoa kidogo. Ukiisia Oktoba kwa kufuata vuli, itachanua katikati ya kaskazi, na hapo usilaumu mbegu.

Yolo Wonder imetokana na hiyo hiyo California Wonder, na kama agroveti ina zote mbili, chukua Yolo. Ina kinga ya batobato ya tumbaku, na majani yake ni mengi kiasi cha kulifunika tunda. Jua letu la saa saba mchana likilipiga tunda lililo uchi, upande mmoja hubadilika kuwa baka jeupe laini kama karatasi, kisha ukungu unaingia hapo. Majani mengi yanaepusha hayo bila gharama. Mvuta sigara au mtafuna tumbaku aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, hata ya aina yenye kinga, kwa sababu virusi hivyo husafiri kwenye vidole.

Sasa zile zinazofaa zaidi. Malindi ina bahati ya pekee katika jambo hili: Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi, na pakiti za mbegu za kwao zimekuwa zikizunguka katika bustani za nyumba na jikoni za mikahawa. Waitaliano wana hoho ndefu za kukaanga, zenye nyama nyembamba, na hizo kwa kawaida hushika maua kwenye joto kuliko za boksi, yaani zile pana za pembe nne kama California Wonder. Sababu ni nyepesi. Tunda dogo au jembamba linautaka mmea kidogo, kwa hiyo mmea unabeba mengi kwa wakati mmoja bila kuyatupa. Anayetaka kuagiza mwenyewe kutoka ng'ambo ajue kwamba mbegu zinahitaji kibali cha kuingiza kutoka KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya la kukagua afya ya mimea, na cheti cha afya ya mimea cha nchi zinakotoka. Mbegu za kufichwa kwenye sanduku la nguo ndizo huleta magonjwa ambayo hatukuwa nayo.

Jimmy Nardello ndiyo tunayoiweka juu ya zote. Mbegu yake ilitoka kijiji cha Ruoti, Basilicata, kusini mwa Italia, ikabebwa na familia ya Nardiello walipohamia Connecticut, Marekani, mwaka 1887, na jina ni la mtoto wao aliyeitunza. Tunda ni jembamba, lenye mikunjo, sentimita 20 hadi 25, jekundu likiiva, na ngozi yake ni nyembamba mno hata haina haja ya kumenywa. Mbichi ni tamu; ikipita kwenye mafuta ya moto dakika nne au tano na chumvi kidogo, utamu unakolea zaidi. Kwenye mchuzi wa kamba wa nazi itie mwishoni, tui likishachemka, la sivyo inayeyuka yote. Mmea hauzidi sana urefu wa sentimita 60, kwa hiyo unakaa vizuri hata kwenye ndoo uani. Kasoro zake mbili: haifai kujazwa, na kuianika hapa ni kazi. Kwenye nchi zenye hewa kavu hufungwa kwenye uzi ikakauka. Kwenye unyevu wa pwani huota ukungu ndani kabla ya kukauka. Ukitaka kuikausha, ipasue kwa urefu, toa mbegu, na uianike juani ukiingiza ndani kila jioni.

Corno di Toro, nyekundu na njano, ni kubwa zaidi, pembe ya sentimita 20 na zaidi yenye nyama ya wastani. Kwa anayetaka tunda la kuchoma juu ya mkaa, amenye ngozi, akate vipande aweke na siki na kitunguu saumu, hii ndiyo. Inashika maua vizuri kuliko California Wonder lakini si kama Nardello. Mmea unapanda hadi karibu mita moja na matawi yake ni mepesi kuvunjika, na upepo wa kusi wa Juni hadi Agosti hauna huruma. Weka fito mbili kwa kila mche tangu siku ya kuhamisha, siyo baada ya kuona tawi chini. Aina ya Marconi inafanana nayo sana. Ukiwa na mojawapo, huna haja ya nyingine.

Friggitello huliwa ikiwa kijani, sentimita nane hadi kumi, na kwa mtu asiye na subira ndiyo ya kumpa. Kusubiri hoho igeuke nyekundu ni wiki mbili hadi nne zaidi, na katika wiki hizo ndipo nzi wa matunda na chule, ugonjwa wa ukungu unaotia matunda madoa, hufika. Friggitello unaichuma kabla ya hayo yote, na kadiri unavyochuma ndivyo mmea unavyochanua tena. Angalia tu jina kwenye pakiti: huchanganywa mara nyingi na pilipili nyingine zinazofanana nayo zenye ukali kidogo.

Cubanelle si ya Italia ya leo bali ni hoho ya kila jiko katika visiwa vya Karibi, Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika, na hilo peke yake linatosha kukuambia kuhusu joto na unyevu. Rangi yake ni kijani cha njano, nyama nyembamba, harufu nzuri ikikaangwa na kitunguu. Kwa mchuzi wa kawaida, maharagwe ya nazi au kachumbari, inafanya kazi yote ya hoho ya sokoni. Haidumu baada ya kuchumwa, siku chache tu inanywea, kwa hiyo ni ya bustani, siyo ya kuuza mbali.

Za rangi rangi tuzipite haraka. Purple Beauty ni zambarau mmeani, ukiipika zambarau inapotea, na umbo lake ni la boksi, yaani ina udhaifu ule ule wa joto. Sweet Chocolate ilitengenezwa na Elwyn Meader wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, ikatoka 1965, kwa ajili ya majira mafupi ya kiangazi ya kule kaskazini. Uwezo wake wa kuvumilia baridi hapa ni wa bure. Ladha yake ni nzuri, lakini nafasi kwenye bustani ni chache. Anayetaka tunda lenye nyama nene bila umbo la boksi kubwa ajaribu Doe Hill Golden Bell, kijihoho cha rangi ya machungwa kutoka Virginia, kipana kama sentimita tano. Udogo wake ndio unaouokoa mmea.

Kuna moja ambayo haina hadithi ya mababu lakini ni lazima itajwe, kwa sababu ya mchanga wetu. Ukiung'oa mche uliodumaa ukakuta mizizi ina mafundo yasiyotoka ukiyasugua kwa vidole, hiyo ni minyoo fundo, na kwenye mchanga wa pwani inastawi kweli kweli. Carolina Wonder na dada yake Charleston Belle zilitolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1997 zikiwa na kinga ya minyoo hiyo, na si chotara, mbegu zake unahifadhi. Umbo ni la boksi. Lakini usiamini kinga hiyo moja kwa moja: hupungua udongo ukiwa na joto kali, yaani hasa wakati unapoihitaji. Tandaza nyasi kavu unene wa sentimita tano hadi nane juu ya tuta ili udongo upoe, na kinga itakaa. Kama huzipati, dawa rahisi ni kupanda kwenye ndoo.

Ndoo ya lita 20, mche mmoja, matundu matano au sita chini. Changanya sehemu mbili za udongo, moja ya samadi ya mbuzi iliyooza hadi haina harufu, na moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa. Makumbi yana chumvi. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, rudia mara tatu, ndipo uyatumie. Wengi huruka hatua hii na miche inaungua ncha za majani ndani ya wiki ya kwanza. Kwenye tuta, nafasi ni sentimita 45 kati ya mche na mche, 60 kati ya mistari, konzi mbili za samadi kila shimo na kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya kupandia, DAP, kilichochanganywa na udongo chini, kisiguse mizizi. Mbolea ya kukuzia, CAN, inafuata baada ya wiki tatu. Mchanga haushiki mbolea, kwa hiyo badala ya kijiko kizima mara moja kwa mwezi, toa nusu kila wiki mbili, kwa duara la sentimita 15 kutoka shinani. Ukiona mmea umenenepa, kijani kibichi kabisa na hakuna ua, CAN imezidi, simamisha.

Jivu liache jikoni. Ardhi ya ukanda wa matumbawe, tangu Shella hadi Watamu, tayari ina chokaa nyingi, na jivu huizidishia hadi mmea ushindwe kuchukua chuma: majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Kwenye mchanga mwekundu wa upande wa Magarini jivu kidogo halidhuru. Kwa sababu hiyo hiyo ya chokaa, kitako cheusi cha hoho hapa mara chache ni ukosefu wa kalsiamu udongoni. Kalsiamu ipo, maji ya kuifikisha kwenye tunda ndiyo yanayokatika. Mwagilia nusu asubuhi, nusu jioni, lita moja hadi mbili kwa siku kwa ndoo iliyozaa, wala usinunue chokaa.

Maji yenyewe ni suala jingine. Hoho haipendi chumvi: mavuno huanza kushuka udongo ukifika deci-siemensi 1.5 kwa mita (kipimo cha chumvi), na maji ya kumwagilia yanatakiwa yasizidi 1 hivi. Visima vingi vya karibu na bahari vimepita hapo. Kipimo kidogo cha mfukoni kinatosha kujua. Usipokuwa nacho, angalia ukingo wa ndoo. Utando mweupe ukijitokeza na ncha za majani zikawa kahawia, changanya maji ya kisima na ya mfereji au ya mvua nusu kwa nusu, na mara moja kwa wiki mwagilia hadi maji yatiririke chini ili chumvi itoke. Uzio wa makuti upande wa bahari unazuia pia chumvi inayobebwa na kusi. Kivuli cha asilimia 30 kinafaa kuanzia Desemba. Kikizidi nusu, maua yanapungua.

Kusia ni rahisi hapa, joto la kuotesha tunalo bure. Kina cha nusu sentimita, trei isikauke hata saa moja mchana, na kati ya siku saba na kumi zitachomoza. Mbegu za pakiti ya zamani zijaribu kwanza: kumi ndani ya karatasi ya shashi yenye unyevu, ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya nyumba. Zikiota chini ya sita, sia maradufu au tupa. Mbegu ulizojitolea mwenyewe, zisizopakwa dawa ya rangi, zioshe kwa maji ya nyuzijoto 52 kwa dakika 30 ndani ya chupa ya chai, kisha zipoze kwa maji ya mfereji. Hii inaua bakteria wa madoa ya majani wanaosafiri na mbegu. Kipimajoto ni lazima. Maji yakipanda nyuzi chache tu juu ya hapo, umepika mbegu.

Wadudu: wadudu mafuta na inzi weupe huzuilika kwa mwarobaini, ambao Malindi hauna uhaba. Gramu 50 za kokwa zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, usiku mmoja, chuja, tone la sabuni, nyunyiza jioni chini ya majani. Majani machanga yakikunjika kuelekea chini, yakawa magumu na rangi ya shaba, watu husema virusi na kung'oa mmea. Mara nyingi ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho. Salfa ya unga wa kuchanganya na maji huumaliza, lakini usiinyunyize siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32, inaunguza majani. Mmea ukinyauka ghafla ukiwa kijani, kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye gilasi ya maji safi. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ni mnyauko wa bakteria: ng'oa na udongo wake, na usipande hapo tena hoho, nyanya, biringanya wala viazi kwa miaka mitatu.

Mwisho, mbegu. Hoho hujichavusha yenyewe, lakini nyuki huchanganya, na ukali wa pilipili hutawala utamu. Ukiwa na pilipili ndefu kali karibu, tunda la mwaka huu litabaki tamu, ila mbegu zake zikipandwa zitakupa hoho kali, na hapo ndipo watu husema mbegu imeharibika. Kabla ua halijafunguka, funika tawi zima kwa mfuko wa chandarua cha mbu, tikisa kidogo kila asubuhi, na matunda yakishashika ondoa mfuko, funga uzi wa rangi kwenye vikonyo ili yasichumwe kwa bahati mbaya. Acha yaive mpaka yaanze kunywea. Toa mbegu, zianike kivulini juu ya sahani, si karatasi, kwa wiki moja au mbili hadi ziwe zinavunjika zikikunjwa. Unyevu wa pwani ndio unaoua mbegu kuliko muda. Kwenye mtungi wa glasi uliozibwa barabara, wenye mchele uliokaushwa kikaangoni ukapoa, ndani ya friji, hudumu miaka miwili hadi mitatu. Ukiutoa mtungi, usiufungue mpaka glasi isiwe baridi tena mkononi, la sivyo umande unaingia kwenye mbegu.